Mkate Ulitangulia Shamba: Asili Mbili za Mkate na Siagi

Masimulizi ya kawaida kuhusu chimbuko la chakula cha binadamu huenda hivi: watu walikuwa wakiwinda na kuokota matunda, baadaye wakajifunza kulima ngano na kufuga ng'ombe, kisha, wakiwa wametulia vijijini mwao, wakapata mkate kutokana na ngano na siagi kutokana na maziwa, na vyakula hivyo viwili vikaanza kuliwa pamoja. Ni masimulizi yanayoingia akilini kwa urahisi, lakini mpangilio wake umekosewa karibu katika kila hatua. Ushahidi uliofukuliwa katika miongo michache iliyopita unaonyesha kwamba mkate ulikuwapo maelfu ya miaka kabla ya shamba la kwanza, kwamba siagi ilitokana kwa kiasi kikubwa na haja ya kuyatumia maziwa ambayo wengi wa waliokuwa wakiyakamua hawakuweza kuyanywa bila kuumwa tumbo, na kwamba kwa sehemu kubwa ya historia walaji wa mkate na walaji wa siagi walikuwa watu mbalimbali, ambao mara nyingine walidharauliana waziwazi.

Mkate wa kale zaidi unaofahamika ulipatikana katika jangwa la mawe meusi kaskazini-mashariki mwa Yordani, mahali panapoitwa Shubayqa 1. Huko wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, wakiongozwa na Tobias Richter, walifukua majengo ya mawe yaliyoachwa na watu wa utamaduni wa Natufi, ambao walikuwa wawindaji na waokotaji wasiolima chochote. Ndani ya majengo hayo mlikuwa na meko ya mviringo yaliyojengwa kwa mawe, na katika majivu ya meko hayo mtaalamu wa mimea ya kale, Amaia Arranz-Otaegui, alikuta vipande vidogo vyeusi vilivyoungua ambavyo havikufanana na mbegu, wala mkaa wa kuni. Vipande 24 vilichunguzwa kwa hadubini ya elektroni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Umri wa vipande hivyo ulikadiriwa kuwa miaka 14,400 hivi, yaani miaka ipatayo 4,000 kabla ya kilimo kuota mizizi katika eneo hilo.

Msomaji makini atauliza: mtu anajuaje kuwa kipande cha mkaa kilichokaa ardhini miaka elfu kumi na nne kilikuwa mkate na si uji uliofurika na kuungua mekoni? Jibu limo katika matundu. Unga uliochanganywa na maji kidogo, ukakandwa na kuokwa, huacha vijitundu vidogo vya hewa vyenye ukubwa na mpangilio wake, ilhali uji uliochemka huacha matundu makubwa yasiyo na mpangilio, pamoja na punje zisizovunjikavunjika sawasawa. Chini ya hadubini, vipande vya Shubayqa vilionyesha chembe ndogo za nafaka iliyosagwa na pengine kuchekechwa, zikiwa zimeshikamana ndani ya donge lenye vijitundu hivyo vya hewa. Nafaka yenyewe ilikuwa ya porini, ikiwamo ngano ya kale ya aina ya ainikoni, na katika baadhi ya vipande ilichanganywa na viazi vya mmea wa majimaji wa jamii ya ndago, ambavyo vilikaushwa na kusagwa kuwa unga. Ulikuwa mkate bapa, usio na chachu, uliookwa juu ya mawe ya moto au majivuni.

Kusaga nafaka kwenyewe ni kazi ya zamani kuliko hapo. Mwaka 1989, maji ya Ziwa Galilaya yalipopungua sana, yaliibua mabaki ya kambi iitwayo Ohalo II, iliyokaliwa na watu miaka 23,000 hivi iliyopita. Katika kambi hiyo palikuwa na jiwe bapa lililotumika kusagia, na katika vinyweleo vyake zilinasa chembe za wanga wa shayiri ya porini. Hatuwezi kusema kwamba unga ule uliokwa, kwa kuwa unga waweza kuwa uji vilevile, lakini hatua ya kwanza ya safari kuelekea mkate ilikuwa imekwisha kupigwa katika kipindi ambacho sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia ilikuwa chini ya barafu.

Kwa nini watu wasio na shamba walijisumbua kiasi hicho? Mwaka 1966 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Jack Harlan, alikwenda kwenye miteremko ya mlima Karacadağ, kusini-mashariki mwa Uturuki, ambako ngano pori ya ainikoni bado huota yenyewe kwa wingi, akaivuna kwanza kwa mikono mitupu, kisha kwa mundu aliouunda kwa vipande vya jiwe la gumegume. Alipata zaidi ya kilo moja ya punje safi kwa saa, na akakadiria kwamba familia moja, ikifanya kazi kwa wiki tatu tu wakati wa kukomaa kwa masuke, ingeweza kuvuna nafaka nyingi kuliko ambavyo ingeweza kula kwa mwaka mzima. Kuvuna, basi, hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kila kinachofuata baada ya kuvuna, kwa sababu punje za ngano ya kale zimefungwa ndani ya maganda magumu yasiyotoka kwa kupura peke yake: sharti zitwangwe, zipetwe, zitwangwe tena, ndipo zisagwe jiwe juu ya jiwe.

Gharama ya kazi hiyo iliandikwa kwenye mifupa. Katika kijiji cha Abu Hureyra, kando ya mto Frati nchini Syria, mahali ambapo sasa pamefunikwa na ziwa la bwawa, wanaakiolojia walifukua mifupa mingi ya wanakijiji wa mwanzo wa kilimo kabla maji hayajapazamisha. Theya Molleson wa Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London alipoichunguza aligundua mchakao wa kipekee: viungo vya vidole gumba vya miguu vilikuwa vimeharibika, magoti yalikuwa na alama za shinikizo, na pingili za chini za mgongo zilikuwa zimelika. Ni majeraha ya mtu anayepiga magoti kwa saa nyingi kila siku, vidole vya miguu vikiwa vimekunjwa chini yake, akisukuma jiwe dogo mbele na nyuma juu ya jiwe kubwa kwa uzito wa mwili wake wote. Wengi wa wenye alama hizo walikuwa wanawake. Meno nayo yalivunjika na kulika kutokana na changarawe zilizobanduka kwenye mawe na kuingia katika unga. Kila ninapowasikia watu wakizungumza juu ya ugunduzi wa mkate kana kwamba ulikuwa zawadi ya bahati, mimi hukumbuka magoti yale.

Kwa sababu ya ugumu huo, watafiti wa Shubayqa wanaona kuwa mkate wa wawindaji wale huenda haukuwa chakula cha kila siku, bali kitu cha siku maalumu, cha kukirimu wageni au cha safari, kwa kuwa ni mwepesi na hukaa. Wapo pia wanaoshikilia kwamba kilichowavuta watu kwenye nafaka ni pombe. Hoja hiyo ilizua mjadala mkali miongoni mwa wasomi mwaka 1953 na haijaisha, hasa baada ya watafiti kutangaza mwaka 2018 kuwa wameona dalili za pombe ya nafaka katika vinu vya mawe vya pango la Raqefet, karibu na Haifa, vyenye umri wa miaka 13,000 hivi. Kwa maoni yangu mabishano haya yanakuzwa kupita kiasi, kwani mkate na pombe ya nafaka hupikwa kwa malighafi ileile na vyombo vilevile, na aliyejua kimoja hakuwa mbali na kingine.

Kilimo kilipoingia, hakikuleta mkate. Kilileta ngano inayofaa zaidi kwa mkate. Suke la ngano pori likikomaa hupukutika lenyewe, na mbegu huanguka na kujipanda. Mara chache hutokea mmea wenye hitilafu ya kurithi ambao suke lake halipukutiki, na porini mmea huo hauna maisha marefu, lakini kwa mtu mwenye mundu ndio unaofika nyumbani salama, na sehemu ya mavuno hayo ndiyo inayopandwa mwaka unaofuata. Mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya miaka elfu moja, bila yeyote kupanga, masuke yasiyopukutika yakawa ndiyo kawaida. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba ainikoni inayolimwa ina undugu wa karibu zaidi na ile ya porini ya Karacadağ, palepale ambapo Harlan alikuwa amevuna.

Baadaye, ngano ya kale ya aina ya ema, yenye kromosomu 28, ilichavushana yenyewe na nyasi pori yenye kromosomu 14, yaelekea katika ukanda wa kusini mwa Bahari ya Kaspi ambako mashamba ya ema yalipakana na nyasi hiyo. Mzao wao, mwenye kromosomu 42, ndiye ngano ya mkate, ambayo haijawahi kuwa na mzazi wa porini wa aina yake: ilizaliwa shambani. Nyasi ile iliongeza sifa muhimu katika protini za gluteni. Unga wa ngano ukikandwa na maji, gluteni hufanya utando unaovutika bila kukatika, na hewa ikizalishwa ndani ya donge hunaswa humo na donge huumuka. Unga wa mtama, uwele, mahindi au mchele hauna utando huo. Hata utiwe chachu ya namna gani, hewa yake hutoroka, na ndiyo maana mkate wa mofa, unaookwa kwa unga wa mtama, ni bapa na mzito, huku donge la ngano la ukubwa uleule likijaa bakuli.

Hapa pana jambo ambalo, kwa upande wangu, linaeleza tofauti za majiko ya dunia kuliko maelezo mengi marefu. Katika Asia Magharibi watu walikuwa na mawe ya kusagia na majoko ya kuokea kwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla hawajaanza kufinyanga vyungu. Walijifunza kuoka kabla ya kuwa na cha kuchemshia. Barani Afrika, katika Sahara ya wakati huo iliyokuwa na maziwa na majani, mambo yalikwenda kinyume: wavuvi na waokotaji walifinyanga vyungu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya kulima nafaka. Nafaka zilipoanza kulimwa, zikawa zisizo na gluteni, na zilikuta chungu kimekwisha kuinjikwa mafigani. Mtaalamu wa mimea ya kale Dorian Fuller ni miongoni mwa waliolitilia mkazo jambo hili, kwamba upande mmoja ulikuwa dunia ya joko na upande mwingine dunia ya chungu, na kwamba mgawanyo huo ulitangulia kilimo. Ugali na uji, kwa mtazamo huo, si mkate ulioshindwa kutokea. Ni mapishi yenye nasaba yake, inayokaribia ya mkate kwa umri.

Chachu haikuhitaji mvumbuzi. Unga ukilowekwa na kuachwa kwa siku kadhaa, hamira za asili zilizo kwenye punje na hewani, zikisaidiana na bakteria wa asidi, huanza kula sukari iliyomo na kutoa gesi. Aliyebakiza donge la jana na kulichanganya katika unga wa leo alikuwa tayari ana chachu. Misri ndiko ambako mabaki ya mikate yenyewe yamehifadhiwa vizuri zaidi, kwa kuwa wafu walizikwa nayo na hali ya hewa ni kavu mno. Delwen Samuel, aliyeichunguza mikate na mabaki ya pombe ya makaburini kwa hadubini miaka ya 1990, alionyesha kuwa Wamisri walitumia ema na shayiri, wakiwa na ustadi mkubwa wa kuotesha nafaka kabla ya kuipika. Mwaka 1991, karibu na mapiramidi ya Giza, Mark Lehner alifukua kiwanda cha mikate kilichowalisha wajenzi. Humo mlikuwa na vyungu vizito vya umbo la kengele, ambavyo vilipashwa moto kwanza, vikatiwa donge na kufunikwa kwa chungu kingine, na kisha kupangwa katika makaa.

Katika uchumi usio na sarafu, mkate na pombe ndivyo vilivyokuwa mshahara. Mafundi wa makaburi ya wafalme waliokaa Deir el-Medina walilipwa kwa vipimo vya ema na shayiri, na malipo hayo yalipochelewa katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, yapata mwaka 1157 KK, waliweka chini zana zao na kwenda kuketi kwenye mahekalu hadi wakasikilizwa. Ni mgomo wa wafanyakazi wa kale kuliko yote iliyoandikwa, na sababu yake ilikuwa nafaka. Huko Mesopotamia, karne nyingi kabla ya hapo, alama ya maandishi yenye maana ya kula ilichorwa kama kichwa cha mtu kilichowekewa bakuli la mgawo mbele ya mdomo.

Warumi waliugeuza mkate kuwa kazi ya viwanda, kwa vinu vya mawe ya volkano vilivyozungushwa na punda. Katika joko la duka moja la Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na mlima wa volkano wa Vesuvio mwaka 79 BK, ilikutwa mikate 81 ya mviringo iliyoungua na kubaki na umbo lake kamili. Mikate ya namna hiyo ilichorwa mistari ya kuigawa vipande vinane, ukubwa wa kushikika mkononi. Mwandishi Pliny, aliyekufa katika mlipuko huohuo, alikwisha kuandika kwamba watu wa Galia na Hispania (Ufaransa na Uhispania za leo) walitumia povu la pombe ya nafaka kuumulia mikate yao, na kwa hiyo mikate yao ilikuwa myepesi kuliko ya wengine.

Lakini mkate wa Pompeii haukupakwa siagi, na hapa ndipo tunapopaswa kurudi nyuma tena na kuifuata njia nyingine.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe walianza kufugwa Asia Magharibi miaka ipatayo 10,500 iliyopita. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba walifugwa kwa ajili ya nyama tu, na kwamba maziwa yalikuja baadaye sana. Dhana hiyo iliporomoka pale wanakemia walipojifunza kusoma mafuta yaliyofyonzwa na udongo wa vyungu. Chungu kisichong'arishwa hunyonya mafuta ya kile kinachopikwa ndani yake na kuyahifadhi kwa maelfu ya miaka. Mafuta ya maziwa na mafuta ya nyama ya mnyama yuleyule hutofautiana kidogo katika uwiano wa atomi nyepesi na nzito za kaboni, kwa kuwa mwili huyatengeneza kwa njia tofauti. Richard Evershed wa Bristol na wenzake walipima vigae vya vyungu zaidi ya 2,200, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba maziwa yalikuwa yakitumika katika milenia ya saba KK, hasa kaskazini-magharibi mwa Anatolia, katika Uturuki ya leo, karibu na Bahari ya Marmara. Mwaka 2012, Julie Dunne na wenzake walipata mafuta ya maziwa katika vigae vya Takarkori, katika Sahara ya Libya, vya milenia ya tano KK. Si mbali na hapo kuna michoro ya miambani ya ng'ombe wenye viwele vilivyojaa.

Fumbo lililojitokeza ni la kimaumbile. Mtoto mchanga wa binadamu ana kimeng'enya cha laktasi kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa. Kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua sana, na kikombe cha maziwa mabichi huwaletea gesi, maumivu na kuhara. Mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kuendelea kunywa maziwa yalienea maelfu ya miaka baada ya vyungu vile vya Marmara. Yalitokea zaidi ya mara moja, tena mahali mbalimbali: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, waligundua mabadiliko matatu tofauti na lile la Ulaya, mojawapo likiwa limeenea sana kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya. Basi hao wakamuaji wa mwanzo, wasio na vinasaba hivyo, walikuwa wakifanya nini na maziwa?

Walikuwa wakiyabadilisha. Maziwa yakigandishwa, bakteria hula sehemu ya laktosi. Jibini likikamuliwa, sehemu kubwa ya laktosi iliyobaki hutoka na maji yake. Siagi, ambayo takriban asilimia 80 ni mafuta, hubaki na laktosi kidogo mno, na samli karibu haina kabisa. Chujio za udongo zenye matundu kutoka Kuyavia, nchini Poland, zenye umri wa miaka 7,000 na ushei, zilithibitishwa mwaka 2012 kuwa na mafuta ya maziwa, na hivyo kuwa za kutengenezea jibini. Siagi ni ngumu zaidi kuithibitisha, kwa sababu kemia ya kigae hutambua mafuta ya maziwa bila kuweza kusema kama yaliingia chunguni yakiwa siagi, mtindi au maziwa ya moto.

Kinachosaidia ni vyombo na picha. Siagi hupatikana kwa mtikiso. Ndani ya maziwa mafuta yako katika vitone vidogo, kila kimoja kimefunikwa na utando mwembamba unaokizuia kuungana na kingine. Maziwa yakisukwasukwa katika joto la wastani tando hupasuka, vitone hushikana, na madonge ya manjano huelea juu ya mtindi mwepesi. Kwa ng'ombe wa kawaida, lita 20 hivi za maziwa hutoa kilo moja ya siagi. Mtikiso huo haukuhitaji chombo cha pekee: ngozi ya mbuzi au kibuyu kilichojazwa nusu kingetosha, na huenda siagi ya kwanza ilijitengeneza yenyewe njiani, katika kiriba kilichofungwa mgongoni mwa mnyama. Ngozi na vibuyu huoza, kwa hiyo mwanzo wenyewe umepotea. Lakini katika Palestina ya kusini, miaka ipatayo 6,000 iliyopita, wafinyanzi walitengeneza vyombo virefu vya udongo vya kulala, vyenye vishikio pande zote mbili, vilivyoiga kabisa umbo la kiriba cha ngozi kinachoning'inizwa na kusukwa. Huko Gilat kilipatikana kinyago cha mwanamke aliyeketi, amebeba chombo cha aina hiyo kichwani. Kilikuwa kimewekwa hekaluni, jambo linaloonyesha heshima ambayo kazi hiyo ilipewa.

Picha iliyo wazi kuliko zote inatoka Tell al-Ubaid, kusini mwa Iraki, katika hekalu la mungu wa kike Ninhursag, la yapata mwaka 2500 KK. Katika ukanda wa mapambo ya hekalu hilo, upande mmoja watu wanakamua ng'ombe wakiwa wamekaa nyuma yao, ndama wakiwa mbele ya mama zao ili maziwa yateremke. Upande wa pili mtu mmoja ameketi juu ya kigoda akilitikisa tungi kubwa lililolazwa ubavu, na wenzake wawili wanachuja kinachotoka. Mfugaji yeyote wa leo angeuelewa ukanda huo bila mkalimani. Wasumeri walizitazama kazi hizi mbili, ya nafaka na ya maziwa, kama mali za watu wawili wanaoshindana: katika shairi lao moja, mchungaji Dumuzi na mkulima Enkimdu wanamposa mungu wa kike Inanna, na mchungaji anajigamba kwamba kwa kila kitu cha mkulima yeye ana cha kulingana nacho, maziwa kwa pombe, jibini kwa mkate.

Mgawanyo huo uliendelea kuzunguka Bahari ya Mediterania na kugeuka dharau. Mizeituni ilitoa mafuta yanayokaa mwaka na zaidi, ilhali siagi huyeyuka kwa joto la kiangazi cha Ugiriki na kuchacha kwa siku chache. Mkate wa Mgiriki ulichovywa katika mafuta ya zeituni au divai. Siagi aliifahamu kama kitu cha Waskithi na Wathrakia, watu wa kaskazini mwa Ugiriki: mwanahistoria Herodotus anawaeleza Waskithi wakiwatumia watumwa kuyasukasuka maziwa ya farasi, na mshairi mmoja wa vichekesho aliwaita Wathrakia walaji wa siagi kwa kejeli. Warumi waliinunua, lakini zaidi kama dawa ya kupaka vidonda na ngozi. Pliny huyohuyo aliandika kuwa siagi ni chakula kitamu cha mataifa ya kishenzi, na kwamba huko kwao ndiyo inayomtenga tajiri na maskini.

Katika nchi za joto zilizopenda siagi, suluhisho lilikuwa kuichemsha hadi maji yatoke na machicha yazame, kisha kuyachuja mafuta. Samli ya namna hiyo hukaa miezi mingi, na katika India ya enzi za Veda ilikuwa chakula na vilevile sadaka iliyomiminwa motoni kwa Agni, mungu wa moto. Katika nchi za baridi suluhisho lilikuwa chumvi, au ardhi yenyewe. Katika majimaji ya matope meusi ya Ireland yamefukuliwa madonge makubwa ya siagi yaliyozikwa ndani ya vyombo vya mbao, na baadhi yake, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2019, yana umri wa miaka 3,500 hivi. Matope hayo ni ya baridi, yenye asidi na hayana hewa, hivyo siagi haikuoza bali iligeuka ngumu na nyeupe. Kama waliizika ili kuihifadhi, kuificha au kuitoa sadaka, wataalamu wangali wakibishana.

Ni kaskazini mwa Ulaya, basi, ambako ngano na shayiri za kutoka kusini zilikuta watu wasio na mizeituni na wenye ng'ombe wengi, na ni huko ambako mkate uliopakwa siagi ukawa chakula cha kawaida katika Enzi za Kati. Hata huko ulikuwa na adui, kwa kuwa Kanisa lilikataza siagi wakati wa Kwaresima, sheria iliyokuwa nyepesi kwa mla zeituni wa Italia na nzito kwa mkulima wa Normandy. Waliojiweza walilipia ruhusa. Mnara mmoja wa kanisa kuu la Rouen, uliojengwa kati ya mwaka 1485 na 1506, unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa sababu sehemu ya gharama zake ilitokana na ruhusa hizo. Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, mwaka 1520 alilalamika kwamba Roma inawauzia watu haki ya kula siagi huku ikiwaachia mafuta ambayo wakuu wake wasingekubali kupakia viatu vyao.

Afrika Mashariki ilivipokea vyakula hivi kwa mpangilio wa kinyume. Mabaki ya protini za maziwa yaliyoganda kwenye meno ya watu waliozikwa Lukenya Hill, nchini Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2021, yana umri wa miaka 3,600 hivi, na vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania vina mafuta ya maziwa pia, ingawa ni vichache, labda kwa sababu maziwa yalikaa zaidi katika vibuyu kuliko katika vyungu. Ngano ilichelewa, na ilikuja kwa bahari. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unataja samli na ngano kutoka India vikiuzwa kwenye masoko ya Pembe ya Afrika. Kwa pwani ya Azania, ambako mji wake wa mwisho wa biashara ulikuwa Rhapta, unasema kwamba katika baadhi ya bandari wafanyabiashara walibeba ngano nyingi isiyo ya kuuza, bali ya kuwakirimu wenyeji ili kupata urafiki wao. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alichoandaliwa ni wali uliopikwa kwa samli, katika sinia kubwa la mbao, na si mkate. Mkate wa boflo na siagi ya kupaka kwa kisu vilienea baadaye sana. Chapati ya kusukuma, iliyovuka bahari kutoka India, huiweka samli mahali pengine kabisa, kati ya tabaka za donge, kabla ya chuma kushika moto.